Mioyo Mitano Ndani ya Jicho

Sogeeni karibu. Anayetafuna ameze, anayesinzia apewe ukuta aegemee. Nikifika mwisho nitawauliza neno moja, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika kisiwa cha Kiwambale waliishi wanawake watatu waliojaaliwa karama.

Wa kwanza ni Mize binti Faki, mjane, msukaji wa mikeka, mwenye ulimi mkali na masikio makali zaidi. Alikuwa na kijiti cha mkoko. Ncha moja akiitumbukiza majini na nyingine akiibana kwa meno, bahari yote huingia kichwani mwake. Aliwasikia kamba wa mwambani wakilia kama mafuta kwenye kaango. Aliwasikia chewa wakinung'unika mapangoni. Nyangumi akipita mbali ambako jicho halifiki, Mize husema, "Leo kuna mtu anahamisha vyombo." Mwaka mmoja aliisikia bahari ikivuta pumzi. Akawafukuza watu wote wapande kilimani, wakaacha vyungu motoni. Wimbi lilipokuja lilikuta nyumba tupu.

Wa pili ni Mkasi, mvuaji wa pweza. Yeye alipewa pumzi. Ilikuwa ikisemwa kwamba akizama mwenzake anapobandika chai, ataibuka inapomiminwa. Huko chini hakuwa na haraka hata kidogo. Kaa walimpanda miguuni, kasa walimzunguka wakidhani ni jiwe, naye akawa anatembea mwambani kama mtu anayekagua shamba lake.

Wa tatu ni Mwatima, na karama yake ilikuwa sauti. Si sauti ya kuimbia harusi. Harusini watu humwomba apumzike. Lakini akifumba mdomo akaghuna, chochote kilichoshika huachia. Kaa huachia kidole, chaza hufunguka, mtoto mchanga aliyeng'ang'ania nywele za mama yake hulegeza ngumi.

Sasa Mwatima alikuwa mke mkubwa wa Ussi, mwashi wa nyumba za mawe. Mke mdogo alikuwa Kazija, na hadithi hii hasa ni yake. Mwatima hakujaaliwa mtoto. Kazija alipoolewa, mwaka haukugeuka kabla tumbo halijaonekana. Tangu hapo wakewenza wale waliugawa uga bila kuchora mstari: huyu upande huu, yule upande ule. Waliamkiana asubuhi, maana salamu ni faradhi. Zaidi ya hapo, kimya.

Tena mjue jambo moja. Kiwambale karama haifuati damu, hufuata jina. Mtoto akiokolewa kwa karama ya mtu, hata akiwa bado tumboni, kisha akapewa jina la mtu huyo, karama humwingia. Asipopewa, mwenye karama akifa huondoka nayo. Mama ndiye anayechagua jina, na jina ni moja. Mize, Mkasi na Mwatima walizipata karama zao kwa njia hiyo hiyo, na hakuna aliyekuwa amepata wa kumwachia yake; hata mwaka ule wa wimbi, kisiwani hapakuwa na mja mzito wala mtoto asiyepewa jina.

Siku moja ya bamvua kubwa, maji yalipokupwa mpaka mbali, Kazija alitaka kwenda kwenye mwani wake. Tumbo lilikuwa limeshashuka, na Ussi alimkataza.

"Nikae ndani nitazame ukuta?" alimwuliza mumewe. "Mwani usipofungwa leo utachukuliwa na mkondo."

Akajifunga kanga yake ya korosho nyekundu, akatoka.

Asubuhi hiyo bahari ilifanya tui. Ni jambo la nadra, na asiyepata kuliona hudhani anadanganywa. Maji hugeuka meupe kama tui la kwanza la nazi. Ukungu hushuka ukakutana nayo, na mpaka wa mbingu na bahari hufutika. Ndege hawaruki, hukaa mchangani wakitazamana. Ukitia mkono majini, vidole vyako mwenyewe huvioni.

Kazija alikuwa ameinama akifunga mwani kwenye kamba. Alipoinua kichwa, pwani haikuwapo. Wenzake nao hawakuwapo, ila sauti zao tu, na zilitoka kila upande.

"Kazija, uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akasikia jogoo akiwika, akaifuata sauti ile, kwa kuwa jogoo hawafugwi baharini. Lakini siku ya tui sauti nazo hupotea njia. Maji yaliyokuwa vifundoni yakafika magotini. Akajiambia anapita kwenye bonde la mchanga. Yakafika kiunoni. Hatua iliyofuata haikukuta kitu chini yake.

Alikuwa ameingia ndani ya Jicho. Hilo ni shimo la duara katikati ya mwamba, la buluu, ambalo hakuna aliyewahi kuliona tako lake. Maji yakianza kujaa, Jicho huvuta. Wavuvi hulipita mbali, na watoto wa Kiwambale hukatazwa hata kulitaja wakiwa wanakula.

Alizama katika weupe uliogeuka buluu, na buluu ikawa inakwenda kwenye weusi. Maji yalimvuta miguu kwa upole, kama mtu anayemsaidia kuvua viatu. Hakuogopa bado. Alifikiri tu: kumbe ndivyo kulivyo. Ndipo kitu laini kikamzunguka kiuno, kingine mguu, kingine bega. Vikamtoa kwenye mvuto ule, vikamwingiza ubavuni mwa mwamba, mpaka kichwa chake kikatokeza mahali penye hewa.

Akakohoa mpaka maji yakamwisha. Alipofumbua macho alijikuta ndani ya pango dogo. Nuru iliingia kutoka chini kupitia majini, ikawa inacheza darini kama nuru ya beseni lililowekwa juani. Chini ya maji, kwenye ukingo wa jiwe, vilining'inia vishada vyeupe visivyohesabika. Kila kishada kilikuwa cha vitu vidogo kama punje za mchele, na ndani ya kila punje mlikuwa na vijicho viwili vyeusi.

Mbele ya vishada alikaa pweza. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kama gunia la makumbi.

Alimtazama Kazija kwa jicho lenye mboni iliyolala. Akawa mwekundu. Akawa na rangi ya jiwe. Kisha ngozi yake ikaanza kuchora korosho: korosho nyekundu, moja baada ya nyingine, mpaka na pindo lake, sawasawa na kanga aliyovaa Kazija. Mnyiri mmoja, mkono wake mrefu, ukatoka, ncha yake nyembamba kama kidole cha mtoto, ukamgusa tumbo. Ukakaa pale. Mtoto akapiga teke. Mnyiri ukarudi nyuma, kisha ukagusa tena, polepole zaidi.

"Na wewe unao wako," Kazija alimwambia. "Nimewaona."

Hajui kwa nini alisema naye. Alisema hivyo, akahisi moyo umetulia. Hajapata kuwa mahali pabaya kama pale, wala pazuri kama pale.

Lakini maji yalikuwa yakijaa. Yalimfika kifuani. Kila alipojaribu kujivuta, minyiri ilimkaza. Haikumwumiza, ila haikumwachia. Yakamfika mabegani. Akaegemeza kisogo kwenye jiwe, akaanza kumwimbia mtoto wake, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

Yaliyopita huko juu aliyajua baadaye kwa kusimuliwa.

Wanawake walipofika ufukoni wakitambaa na kushikana mikono, walijihesabu wakaona mmoja amepungua. Wakamwita Mize. Mize alipiga magoti majini, akabana kijiti kwa meno, akainua mkono watu wote wakae kimya. Hata Ussi, aliyekuja mbio na chokaa mikononi, alikaa kimya. Mize akasikiliza, akasogea, akasikiliza tena. Alipotoa kijiti mdomoni alisema:

"Nasikia mioyo mitano."

"Mitano ya nani?" Ussi aliuliza.

"Mmoja wa mtu mzima, unakwenda mbio. Mmoja wa mtoto, unapiga kama kifaranga. Mitatu inapiga pamoja, na kiumbe ninayemjua humu majini mwenye mioyo mitatu ni pweza. Mkeo yuko ndani ya Jicho. Yu hai, na ameshikwa."

Ussi akataka kujitupa majini. Mize akamshika shati.

"Ukiingia wewe, nitasikia mioyo sita, halafu mitatu."

Mkasi alikuwa ameshajikaza kibwebwe. "Kufika nitafika," alisema. "Lakini pweza wa kumshika mtu simbandui. Nikimvuta Kazija huku, naye atamvuta kule."

Bila mtu kumtaja mtu, macho yakamwendea Mwatima aliyesimama nyuma. Ussi alifungua mdomo.

"Wewe usiseme," Mize alimwambia. "Hili si la kuamriwa na mume."

Mwatima alitazama chini. Kisha akakunja kanga yake, akaiweka juu ya jiwe, akaingia majini.

Wakapita katika ule weupe, Ussi nyuma na kamba, Mize mbele na kijiti chake, akisimama kusikiliza na kugeuza njia, mpaka mguu wake ukagusa ukingo wa Jicho. Mkasi akafunga kamba kiunoni, akampa Ussi ncha ya pili, akavuta pumzi, akazama. Mwatima akalaza uso juu ya maji, akaghuna.

Kazija aliisikia sauti ile katika mifupa kabla ya masikio. Maji yalikuwa kidevuni. Alimjua mwenye sauti, maana walikuwa wakiishi uga mmoja. Mnyiri wa bega ukalegea. Wa mkono ukalegea. Korosho zikaanza kufifia kwenye ngozi ya pweza.

Kisha mghuno ukakatika.

Minyiri iliyokuwa imeachia ikarudi mahali pake. Kimya kile kilikuwa kirefu au kifupi, Kazija hawezi kusema. Ndani yake alikumbuka kila asubuhi aliyopita mbele ya mlango wa Mwatima akiwa amelishika tumbo kwa mikono miwili, hata siku ambazo halikuwa zito. Aliikumbuka asubuhi moja zaidi ya nyingine, mlango ulipokuwa wazi na Mwatima akimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaelewa.

Mghuno ukaanza tena, chini zaidi, kama unatoka kwenye sakafu ya bahari yenyewe. Safari hii haukukatika. Minyiri ikadondoka mmoja mmoja, pweza akawa mweupe, na ncha ile nyembamba ikawa ya mwisho kuondoka tumboni. Wakati huo huo maji yakafunika pua ya Kazija, na mkono wa mtu ukamshika kifundo.

Mkasi alimtoa pangoni, akapanda naye. Lakini Jicho lilikuwa linavuta kwa nguvu zake zote, na katikati ya njia pumzi ya Kazija ikaisha. Akafungua mdomo ili anywe bahari. Mkasi akamwahi. Akabandika mdomo wake juu ya ule wa Kazija, akampulizia pumzi yake taratibu, kama mtu anayemimina maji ya mtungi wake katika mtungi wa jirani, mpaka tone la mwisho. Yaliyobaki, Ussi aliyafanya kwa kamba. Waliibuka wote wawili ndani ya tui, na aliyekuwa hapumui alikuwa Mkasi. Walimgeuza, wakampigapiga mgongoni, hata akarudi.

"Aliyekushika ndiye aliyekuzuia usivutwe chini," Mize alimwambia Kazija walipokwisha kufika mchangani. "Yule hana jina tunalolijua. Angekuwa nalo, tungekuwa na mtu wa nne wa kugombania."

Kazija alijifungua mtoto wa kike kabla mwezi haujaandama. Alikuwa mzima, mwenye ngumi ngumu. Siku zilizofuata, wanawake watatu walikuja kumtazama, kila mmoja kwa wakati wake.

Mize hakuzunguka. "Kijiti kinaanza kunishinda kukibana," alisema, "meno yananiaga. Nikiondoka na masikio haya, siku bahari itakapovuta pumzi tena, nani atawapandisha watu kilimani? Na bila mimi, mngekuwa mmeweka matanga ya mtu aliye hai."

"Kweli, Bi Mize."

"Najua ni kweli. Sikuja kuuliza kama ni kweli."

Mkasi alikuja siku nyingine, akaketi kwenye kizingiti kwanza, akasubiri kifua kitulie. Tangu siku ile hakuwa amezama tena. Pumzi aliyoimimina haikurudi. Iliyobaki ilimtosha kutembea na kusema maneno machache.

"Huonekani pwani siku hizi," Kazija alimwambia.

"Nimechoka na chumvi."

Akampokea mtoto, akasogeza sikio karibu na pua yake, akakaa hivyo muda mrefu. "Anavuta vizuri," alisema. "Anavuta mpaka chini kabisa." Hakuomba kitu. Alimrudisha mtoto, akaondoka akishika ukuta.

Mwatima hakuwa na haja ya kuja kutoka mbali. Alivuka uga. Kila asubuhi alichukua nguo za mtoto bila kuulizwa, akazifua, akazianika upande wake. Siku moja Kazija akamwambia, "Dada Mwatima, kaa."

Akakaa. Mtoto alikuwa kati yao juu ya mkeka.

"Usimpe jina langu," Mwatima alisema. "Watu watasema niliimba ili nilipwe. Wengine watasema nilinyamaza kwanza, na watakuwa wanasema kweli."

"Mimi nilikuwa chini. Najua ulianza tena."

Mtoto alikuwa amekishika kidole cha Mwatima kwa ngumi nzima, na ilikuwa karibu adhuhuri, jiko lilikuwa linamngoja. Angeghuna mara moja tu, ngumi ile ingefunguka. Hakughuna. Alikiacha kidole pale pale mpaka mtoto alipolala na ngumi ikafunguka yenyewe.

Ussi, mtu wa amani, alijaribu kupatanisha. "Kwa nini asiitwe Mize nyumbani, Mkasi pwani na Mwatima chuoni?"

"Karama ikiitwa kwenye milango mitatu kwa mara moja," Mize alimjibu, "itasimama njiani mpaka ife."

Kijiji kikagawanyika. Wengine walisema: aanzaye ndiye atendaye, asingesikia Mize, Mkasi angezamia wapi, na Mwatima angemghunia nani? Wengine walisema: Mize alilowa magoti tu, lakini Mkasi alikwenda kifoni akarudi bila kitu alichokuwa nacho, mtoto yule anaishi kwa pumzi ya Mkasi, na anayetumia kitu cha mtu achukue na jina lake. Wengine, hasa wanawake walioolewa mitala, walisema: hao wawili walitoa walichokuwa tayari kutoa, Mwatima alikuwa na sababu ya kunyamaza, na angenyamaza hakuna ambaye angeweza kumshitaki. Wakajibiwa kwamba alinyamaza kweli, na kama kimya kile kingeongezeka kidogo, leo kusingekuwa na mtoto wa kubishaniwa. Nao wakajibu kwamba asiyepata kujaribiwa asijisifu kwa kushinda.

Kazija aliyasikia yote, na kila aliyesema alimwona ana haki. Usingizini alirudi pangoni, akaona ngozi kubwa ikijichora korosho, na ncha ile nyembamba ikimgusa tumbo, ikisubiri jibu.

Siku ya jina ikafika. Nyumba ya Ussi ilijaa, udi ukafukizwa, mikeka ikatandikwa pande zote mbili za uga bila kubakiza katikati. Mize alikaa mbele, kijiti mapajani. Mkasi alikaa mlangoni penye upepo. Mwatima alikuwa jikoni, akijifanya ana kazi nyingi. Ussi akamwinamia mkewe, akatega sikio ili apokee jina na kulitangaza.

"Haya, mama watoto," alinong'ona. "Nani?"

Kazija akamtazama mtoto. Akawatazama wawili waliokuwa mbele yake, akausikiliza mlio wa vyungu kutoka jikoni, ambao ulikuwa umenyamaza. Akafungua mdomo.

Ussi bado ameinama, ndugu zangu, na watu wote bado wametega masikio. Akisema Mize, pumzi na sauti zitazikwa na wenyewe. Akisema Mkasi, bahari haitakuwa na wa kuisikiliza. Akisema Mwatima, wengine watauliza tangu lini kusita kukalipwa. Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Lau wewe ndiwe Kazija, na mtoto yuko mikononi mwako, ungemwita nani?